Mgeni Ashukuru Kabla ya Kuhudumiwa

Ipo nchi moja ambayo raia wake, kwa mujibu wa katiba yao, ndio watu wakarimu kuliko wote duniani. Jambo hilo lilipigiwa kura bungeni likapita bila kupingwa, maana mbunge pekee aliyetaka kulipinga alikuwa ameshukuriwa kwa utumishi wake siku moja kabla, na hajaonekana tena. Jina la nchi halitatajwa hapa. Anayeijua anaijua, na asiyeijua amwombe Mungu aendelee hivyo hivyo.

Katika nchi hiyo alitua mchana mmoja Perpetua Mbwilo, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, akiwa na sanduku moja mkononi na futi ya kupimia nguo aliyoisahau shingoni. Hakuja kutalii, ingawa fomu ilimlazimu aandike hivyo. Alikuja kumtafuta mdogo wake, Gaudensi, aliyekwenda huko mwaka uliopita kuuza vitenge kwa wiki mbili na hakurudi. Kilichorudi ni kadi moja ya posta yenye picha ya kiganja kikubwa cha shaba, na nyuma yake, kwa mwandiko wa Gaudensi, maneno haya: "Nashukuru sana. Nashukuru sana. Nashukuru sana."

Mama yao, ambaye sasa hakuweza kuinuka kitandani, aliisikiliza kadi ile ikisomwa, kisha akasema, "Huyo mtoto hajawahi kusema asante mara tatu kwa mkupuo tangu nimzae. Nenda kamlete, nimwone kabla sijafumba macho."

Perpetua akamwahidi.

Katika ukumbi wa kuwasili palikuwa na bango lililojaa ukuta mzima: MGENI ASHUKURU KABLA YA KUHUDUMIWA. Chini ya bango aliketi afisa mwenye nishani saba kifuani, aitwaye Bwana Lumenge. Aliichukua pasi ya Perpetua, akaitupa kwenye kapu bila kuifungua.

"Bwana, hiyo ni pasi yangu."

"Tunaona, mama. Pasi inaeleza ulikotoka. Sisi hatuna haja ya kujua ulikotoka." Akamsukumia kijitabu chenye jalada la kijani. "Hiki ndicho Kitabu cha Shukrani. Kina visanduku mia moja. Kila utakayempa bakshishi, pamoja na asante ya kusikika, atakugongea muhuri. Visanduku vikijaa, unatoka. Visipojaa, hutoki."

"Mbona hakina jina langu?"

"Shukrani haina jina. Kiongozi wetu, Mpaji Mkuu, alitamka hivyo mwenyewe, siku ile mashine ya picha ilipoharibika."

"Na nikikipoteza?"

Bwana Lumenge akatabasamu kwa upole mwingi. "Waliokipoteza wote tuko nao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulalamika."

Akampa pia Mwongozo wa Bakshishi kwa Wageni, kurasa mia nne na kumi. Ukurasa wa adhabu ulikuwa umechanwa. "Wageni wanaupenda sana huo," alieleza. Kisha akaweka kiganja mezani, wazi, akangoja. Perpetua akaelewa. Akaweka sarafu, akasema asante, muhuri ukagongwa.

"Bado tisini na tisa," alisema Bwana Lumenge. "Karibu sana. Ila tafadhali, usishukuru ovyo."

"Ovyo ni vipi?"

"Ni kumshukuru asiye kwenye orodha."

*

Katika nchi ile bakshishi ilitolewa kabla ya huduma, kwa sababu wataalamu wa Wizara ya Bakshishi waligundua kwamba mtu akishahudumiwa huwa anajua amehudumiwa vipi. Perpetua alimshukuru dereva wa teksi kwa kuwa alikuwa hajagonga kitu. Alimshukuru askari wa getini, kama ukurasa wa kumi na nne ulivyoagiza: "Askari asiyempiga mgeni anastahili pongezi, maana angeweza." Hotelini alimshukuru mlinzi wa lifti mbovu, ambaye kwa miaka tisa hakuruhusu mtu yeyote akwame ndani yake. Alimshukuru msimamizi wa bomba lisilotoa maji, kwa kulikinga jengo na mafuriko. Kisha akapanda ghorofa sita kwa miguu, nyuma ya mzee aliyembebea sanduku.

Mzee huyo, kama yule dereva wa teksi na kama mfagizi wa hotelini, alikuwa amebandikwa kifuani kibati chenye neno moja: BADO.

"Baba," Perpetua alimuuliza kwenye ngazi, "hiyo 'bado' ni cheo?"

Mzee aliutazama ukuta mmoja, akautazama wa pili. Matamshi yake hayakuwa ya nchi ile. "Ni jibu, mwanangu."

"La swali gani?"

"La lile ninalowauliza kila asubuhi." Kisha akapaza sauti, kama vile mtu amemfinya: "Karibu sana, mgeni! Karibu utufurahie!"

Dirishani Perpetua aliwaona raia wenyewe. Hawakubeba kitu wala kufagia. Walikaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara, safu baada ya safu, wakishukuriwa na wapita njia. Nyuso zao zilikuwa za watu waliochoka, na kila mmoja alikuwa akimchunguza aliyekaa kiti cha pili.

Tatizo la Perpetua lilikuwa hili. Kwao alikuwa mtu wa kumshukuru Mungu kwa kila kitu, na kwa sauti. Uzi ukipita kwenye tundu la sindano mara ya kwanza, alishukuru. Umeme ukirudi, alishukuru. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezoea kwenda kwenye paji la uso wenyewe, bila kumuuliza. Na orodha iliyokuwa ndani ya Mwongozo, aliyoisoma yote akiwa amekaa kitandani, ilianza na Mpaji Mkuu, ikaishia kwa msimamizi wa bomba. Mwingine hakuwamo.

*

Kila mgeni alipewa mkaguzi wake. Wa Perpetua aliitwa Bi. Tunu, Mkaguzi wa Shukrani Daraja la Pili, mwanamke mtaratibu mwenye daftari, na penseli iliyofungwa kwa kamba shingoni. Wakati wa chakula alikaa kiti kinachomwelekea mgeni, wala yeye hakula.

"Usinihofu," alisema. "Mimi nasikiliza tu."

Redio ya ukumbini ilikuwa ikimtoa Waziri wa Bakshishi. "Ndugu wageni wapendwa! Nchi nyingine zilipewa dhahabu! Nyingine zilipewa mafuta! Sisi tulipewa kiganja! Na kiganja hiki, ndugu zangu, kiko wazi mchana na usiku, kinawangoja kwa uvumilivu mkubwa. Ila napenda kuwakumbusha, kwa upendo kabisa, kwamba kiganja hicho hicho kinaweza kufumbwa!"

Wageni wakapiga makofi, kama ukurasa wa sitini ulivyotaka.

Kisha chakula kikaja. Perpetua alikuwa hajala tangu jana yake, na zile zilikuwa ndizi za kupika na nyama, na harufu yake ilikuwa ya jikoni kwa mama yake. Akajisahau. Mkono wa kulia ukaanza safari yake ya kwenda kwenye paji la uso.

Kabla haujafika, bakuli zima la mchuzi likaumwagikia mkono ule.

Alipiga kelele, akainua macho. Mhudumu aliyesimama mbele yake alikuwa amekonda, ana ndevu, ana kibati cha BADO kifuani, na sinia mikononi. Alikuwa Gaudensi.

"Samahani sana, mgeni," alisema Gaudensi. Akatikisa kichwa kidogo tu, kama anayemfukuza nzi.

Bi. Tunu aliinua penseli. "Mgeni, umehudumiwa."

"Ameniunguza!"

"Nimeona. Mshukuru."

Perpetua alimtazama mdogo wake, mdogo wake akatazama meza. "Asante," alisema, machozi yakimtiririka, na Bi. Tunu akayaandika machozi hayo kuwa ni dalili ya unyofu. "Asante kwa mchuzi. Wa moto hasa."

"Karibu," alijibu Gaudensi. "Tunao mwingine."

"Nakuamini."

*

Kesho yake, wakati wa chai, Perpetua alianza kwa Bi. Tunu. "Huyu mhudumu sare yake imechanika kwapani. Mimi ni fundi cherehani. Nikimshonea nitakuwa nimekosa?"

Bi. Tunu alifungua Mwongozo, akapekua kwa muda mrefu. "Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Mgeni anaweza kumhudumia mhudumu, mradi amshukuru kwa kumpa nafasi hiyo."

Perpetua akamshukuru mdogo wake kwa kuchanika, akapata muhuri, akatoa sindano. Gaudensi akasimama kando ya kiti chake, mkono juu.

"Kwetu kuna mama mmoja mgonjwa," Perpetua alianza, akipitisha uzi. Uzi ulipita mara ya kwanza, akauma midomo. "Ana mtoto wa kiume aliyesafiri."

"Watoto wa kiume wengine ni wajinga sana," alisema Gaudensi.

"Huyu ndiye mwenyekiti wao. Aliaga wiki mbili."

"Labda alishuka kwenye ndege, akafurahi kuwa amefika salama, akafanya ishara fulani hapa." Akajikuna paji la uso. "Akasema neno moja la kumshukuru asiye kwenye orodha. Wakamwambia amesafirisha shukrani nje ya nchi bila kibali."

"Kosa kubwa hilo," alisema Bi. Tunu bila kuinua kichwa kwenye daftari. "Shukrani zikitoka nje, hazirudi."

"Kubwa sana, Bi. Mkaguzi," waliitikia wote wawili.

"Na mtu wa namna hiyo hutoka lini?" Perpetua aliuliza.

"Akiwa na kitabu kilichojaa. Lakini chake walikichukua, na hapa kila mtu hupewa kimoja tu." Gaudensi akainua mkono zaidi. "Yule mama anakula?"

"Uji. Vijiko vitatu. Kila jioni akisikia kengele ya baiskeli anauliza kama ni mwanawe."

Gaudensi alitazama dari. "Mgeni, umenichoma sindano."

"Vumilia. Jana ulinimwagia mchuzi."

Bi. Tunu alicheka, kisha haraka akaziba mdomo, akauandika ule mcheko wake mwenyewe kwenye daftari, pamoja na saa.

*

Siku tatu Perpetua alizunguka mji akijaza kitabu. Alizishukuru sanamu, kwa kupitia walinzi wake. Alimshukuru mtu aliyemwonyesha njia isiyokuwapo, na mwingine aliyemrudisha. Kwa kila jambo ambalo kwao angemshukuru Mungu kwa sauti, alifunga fundo kwenye uzi mweupe aliouficha mfukoni. Kimoyomoyo alisali bila kukoma, maana Wizara ilikuwa bado inatafuta mashine ya kukagulia moyo. Magazeti yaliandika kwamba mashine hiyo imeshaagizwa.

Siku ya tatu alikwenda kwa Bwana Lumenge, akaomba kitabu cha pili.

"Cha nini, mama?"

"Nina shukrani nyingi. Kimoja hakitoshi."

Bwana Lumenge aliguswa sana. Alisimama, nishani zikagongana. "Maneno mazuri hayo, nitayapeleka juu. Lakini kila mgeni kimoja, kama roho. Tukitoa viwili, kesho mtu atamtoa mwenzake, na nani atawahudumia wageni?"

Perpetua alirudi hotelini polepole. Kumbe ni mmoja tu ambaye angeondoka.

Siku ya nne kitabu kilikuwa na mihuri tisini na tisa. Wa mia ulitolewa uwanjani, kwenye mlango wa kuondokea. Saa sita kamili, Bi. Tunu alipokwenda ofisini kupokea shukrani zake za mchana, Perpetua alimvuta Gaudensi kwenye chumba cha mashuka, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na koti la kijivu alilomshonea mwaka uliopita, limekunjwa kwa karatasi.

"Vaa nione mabega."

Gaudensi alivaa. Mkono wake ukagusa kitu kigumu ndani ya bitana. Akakipapasa pembe zake, akaelewa, akaanza kulivua.

"Usivue."

"Dada Pepe, nikitoka na hiki, wewe utatokaje?"

"Mabega yamezidi. Nilikata kwa vipimo vya zamani, wewe umekuwa kama mwiko."

"Dada! Nakuuliza!"

"Nimesikia, mimi siyo kiziwi." Akashika kola, akamnyoosha kama alivyokuwa akimnyoosha kabla ya kwenda shule. "Sikiliza, Gaude. Mimi nimekaa na mama miaka yote. Nikifumba macho namwona, naye ananiona. Anayeulizwa ni wewe. Nilimwahidi kumpelekea mtoto wake. Kurudi mwenyewe sikumwahidi."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie nimepata kazi hotelini."

Gaudensi alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Perpetua alichukua mkasi, akakikata kile kibati kutoka kwenye sare na kukisukuma chini ya mashuka.

"Ukifika, ukishuka ngazi za ndege, utafanya nini?"

"Nitapiga magoti hapo hapo kwenye lami."

"Piga mara mbili. Moja yangu. Na mlangoni huko ufunge mdomo mpaka ndege ipae, unanisikia?"

*

Alasiri hiyo Perpetua alimwomba Bi. Tunu ampeleke roshani ya uwanja wa ndege, akatazame ndege kama mtalii. Bi. Tunu aliona ni ombi zuri, akaliandika.

Kutoka juu waliuona mstari wa wageni wanaoondoka. Koti la kijivu lilikuwa la saba, kisha la nne, kisha la kwanza. Perpetua aliushika uzi mfukoni kwa nguvu hadi ukamkata kidole. Chini kule Bwana Lumenge alifungua kijitabu cha kijani, akakipitia ukurasa kwa ukurasa. Hakumtazama mtu usoni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajatazama uso wa mtu, alitazama viganja tu. Akaweka chake mezani. Sarafu ikaingia. Muhuri wa mia ukagongwa, na koti la kijivu likapanda ngazi, likaingia.

Mlango ukafungwa. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikawa ndogo.

Perpetua alitoa ule uzi mweupe, wenye mafundo arobaini na moja, akauzungusha kwenye mkono wa kulia uliokuwa bado na malengelenge ya mchuzi. Akauinua mkono kwenye paji la uso, akaushusha kifuani, akaupeleka bega hili na bega lile, pole pole, bila kuruka mahali.

"Asante, ee Mungu wangu!" alisema, kwa sauti ya kwao, ile ya kanisani siku ya mavuno. "Asante sana!"

Raia waliokaa pale roshani kwenye viti vyao vya plastiki wakasimama.

"Umesema na nani?" aliuliza Bi. Tunu.

"Na Mungu."

"Hayumo kwenye orodha."

"Najua. Nimeisoma yote."

"Yuko nje ya nchi?"

"Hapana. Yupo hapa hapa."

Bi. Tunu aligeuka haraka, akatazama nyuma yake. Halafu akasogea karibu, penseli ikiwa haiandiki. "Ofisi gani?"

"Hana ofisi, mdogo wangu."

"Asiye na ofisi anashukuriwa kwa utaratibu gani?" Aliuliza kwa sauti ya chini sana, kama anayetaka jibu kweli.

"Hivi hivi. Unafungua mdomo tu."

Midomo ya Bi. Tunu ilifunguka kidogo. Kisha buti zikasikika kwenye ngazi, akaifunga. "Kitabu chako kiko wapi?" akauliza, safari hii kwa sauti ya kusikika.

"Nimekipoteza."

Hakuna aliyempigia kelele wala kumshika mkono. Katika nchi ile mambo kama hayo hufanywa kwa ukarimu. Bwana Lumenge alikuja na nishani zake saba, akampa pole kwa niaba ya Mpaji Mkuu, akampeleka hadi mezani kwake, akafungua droo na kutoa kibati. Pini yake ilikuwa imevunjika.

"Nipe," alisema Perpetua. "Nitakishona mwenyewe. Vya wenzangu mmevishona ovyo."

Akakishona kifuani, mishono midogo iliyonyooka. Wakampa kadi yenye kiganja cha shaba, wakamwambia cha kuandika kwa mama yake. Akaandika mara tatu, kama walivyomtajia. Ya nne aliiandika bila kutajiwa, na karani aliyeikagua, ambaye alihesabu maneno tu, aliisifu bidii yake.

Wiki iliyofuata alipangiwa kazi uwanjani, kuwapokea wageni chini ya ngazi za ndege. Siku ya kwanza alishuka mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha buluu kichwani, akampa Perpetua sanduku lake, zito. Mwanamke yule akavuta pumzi, akatazama juu mbinguni, akatabasamu kama mtu aliyefika salama. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda.

Perpetua akaliachia sanduku, likamwangukia mguuni.

Mwanamke alipiga yowe, akashika vidole vyake kwa mikono yote miwili. Hatua tatu nyuma yao, Bi. Tunu aliinua penseli. Alimtazama Perpetua kwa muda mrefu, akalitazama sanduku, akautazama mkono wa mgeni. Kisha akageuza ukurasa mpya.

"Mgeni, umehudumiwa," alisema. "Mshukuru."